Kupanua milango ya supachaja: Manufaa, mipaka na hatari zake

MWENYE gari anayetamani injini yenye nguvu zaidi ana njia chache za kuchagua. Anaweza kununua injini kubwa zaidi, anaweza kuizungusha ile aliyo nayo kwa kasi zaidi, au anaweza kuilazimisha imeze hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe. Njia hii ya tatu ndiyo kazi ya supachaja. Nayo supachaja yenyewe, jinsi inavyotoka kiwandani, aghalabu huwa imeachwa na kasoro ndogo ndogo ambazo fundi mwenye subira anaweza kuzirekebisha kwa tupa na msasa. Fundi asiye na subira, kwa upande mwingine, anaweza kukiharibu chombo chote kwa alasiri moja.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Hapo ndipo inapotofautiana na tabo, ambayo huzungushwa na moshi unaotoka injinini. Tabo hutumia nguvu ambazo zingepotea pamoja na moshi, lakini dereva hulazimika kusubiri kidogo hadi moshi uwe wa kutosha. Supachaja haimsubirishi dereva. Akikanyaga mafuta, hewa iko tayari, kwa sababu mkanda unazunguka wakati wote. Gharama yake ni kwamba injini huilipia pampu hiyo kwa nguvu zake yenyewe, na deni hilo huongezeka kadiri pampu inavyozungushwa kwa kasi.

Asili ya chombo

Aina inayozungumziwa zaidi na mafundi wa kurekebisha magari ni ile ya Roots. Jina hilo latokana na ndugu wawili, Philander na Francis Roots, wa mji wa Connersville katika jimbo la Indiana, Marekani, ambao walipata hataza ya pampu yao mnamo 1860. Wakati huo hapakuwa na gari la petroli popote duniani. Pampu hiyo ilitumika kupuliza hewa viwandani na katika tanuri za kuyeyushia chuma. Mjerumani Gottlieb Daimler ndiye aliyefikiria mapema kuisukumia injini hewa, akapata hataza mnamo 1885, lakini magari ya abiria yenye supachaja yalichelewa hadi 1921, kampuni ya Mercedes ilipoonyesha magari yake ya Kompressor katika maonyesho ya Berlin.

Wapenzi wa mbio za magari hawajaisahau Bentley ya lita 4.5 iliyofungwa supachaja ya Amherst Villiers mbele ya rejeta. Mwasisi wa kampuni hiyo, W. O. Bentley, hakulipenda wazo hilo hata kidogo, akiamini kwamba injini kubwa ni bora kuliko injini inayosukumiwa hewa. Dereva Tim Birkin alishikilia msimamo wake, na mnamo 1930 akamaliza wa pili katika mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa mjini Pau, akiendesha gari zito lililoshindana na magari madogo na mepesi.

Utamaduni wa kurekebisha supachaja, hata hivyo, ulizaliwa Marekani, tena katika injini za mabasi na malori. Kampuni ya General Motors ilianza mnamo 1938 kuunda injini za dizeli za mipigo miwili ambazo haziwezi kupumua bila pampu ya Roots. Moja ya injini hizo, ya silinda 6, ilijulikana kwa nambari 6-71, yaani silinda 6 za inchi za ujazo 71 kila moja. Vijana wa mbio za mstari ulionyooka waliziokota pampu hizo kutoka kwa malori makuukuu, wakazifunga juu ya injini za petroli za V8, kisha wakaanza kuzichonga ili zipitishe hewa zaidi. Waundaji wake hawakuwa wamekusudia kabisa zitumike hivyo.

Supachaja zinazochongwa zaidi katika kizazi hiki ni za kampuni ya Eaton. Iliyofungua njia ni M90, iliyofungwa katika Ford Thunderbird Super Coupe ya mwaka wa modeli 1989. Nambari 90 ni inchi za ujazo ambazo pampu huhamisha kila inapozunguka mara moja, sawa na takriban lita 1.47. Zilifuata M45, M62 na M112. Mercedes-Benz iliitumia M62 katika SLK 230 Kompressor iliyotoka 1996. Gari la MINI Cooper S lililotengenezwa kati ya 2002 na 2006 lilikuwa na M45, nayo Ford Mustang SVT Cobra ya 2003 na 2004 ilikuwa na M112 iliyoiwezesha injini ya lita 4.6 kutoa nguvu za farasi 390. Japani nayo ilikuwa na supachaja zake. Toyota iliiweka SC12 katika injini ya 4A-GZE ya lita 1.6, ikaipa klachi ya umeme ili pampu ipumzike gari linapokwenda polepole.

Nchini Kenya, zinazoonekana zaidi barabarani ni Mercedes-Benz za C180 na C200 Kompressor. Kampuni hiyo iliachana na supachaja katika injini za aina hiyo mwishoni mwa muongo wa 2000 na kuhamia tabo. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 8, yaliyopo ndiyo hayo hayo, na kila mwaka unaopita yanazidi kuhitaji fundi anayefahamu kilichomo ndani ya kasha la supachaja.

Jinsi pampu inavyofanya kazi

Ndani ya kasha la alumini kuna rota mbili zinazolala sambamba. Kila rota ya Eaton ya mfululizo wa M ina mabawa matatu yaliyopindwa digrii 60 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Gia mbili zilizoko mbele huhakikisha kwamba rota hizo zinazunguka kwa mpangilio, kila bawa likiingia katika bonde la mwenzake bila kugusana. Pengo lililopo baina yao ni jembamba mno. Rota zikigusana hata mara moja kwa kasi ya mizunguko 10,000 kwa dakika, hakuna cha kuokoa.

Jambo ambalo watu wengi hulikosea ni kudhani kwamba rota hizo huigandamiza hewa. La hasha. Pampu ya Roots haigandamizi chochote ndani yake. Hewa huingia katika bonde lililoko kati ya mabawa mawili, hufungiwa humo na ukuta wa kasha, husafirishwa hadi upande wa pili, kisha humwagwa. Mgandamizo hutokea baada ya hapo, kwa kuwa pampu inaleta hewa kwa kasi kuliko injini inavyoweza kuimeza.

Hesabu yake si ngumu. Chukua injini ya General Motors ya lita 3.8 iitwayo L67, iliyofungwa M90 katika magari kama vile Pontiac Grand Prix GTP na Buick Regal GS. Injini ya mipigo minne humeza nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko, yaani lita 1.9. Ikiwa pampu inazunguka mara mbili kila injini inapozunguka mara moja, italeta karibu lita 2.95. Ukigawanya 2.95 kwa 1.9 utapata takriban 1.55. Toa hewa inayovuja kupitia mapengo ya rota, na utabaki na uwiano wa karibu 1.5, ambao pwani ni sawa na pauni 7 na nusu hivi za ziada kwa kila inchi ya mraba. Kwa msaada huo L67 ilitoa nguvu za farasi 240.

Sasa fikiria kinachotokea bonde lenye hewa ya kawaida linapofunguka ghafla mbele ya hewa iliyokwisha kugandamizwa upande wa kutolea. Hewa ile ya nje hurudi nyuma kwa kishindo na kulijaza bonde kabla rota haijaisukuma tena. Kurudi huko ndiko kunakoleta ule mvumo wa supachaja unaopendwa na vijana, na ndiko pia kunakoleta joto. Eaton ilijaribu kukituliza kishindo hicho kwa kulipa tundu la kutolea umbo la pembetatu, ili bonde lifunguke polepole kuanzia ncha moja, na kwa kuchonga mifereji midogo kando yake inayoruhusu hewa kurudi kidogo kidogo.

Kiwanda kiliacha nini?

Kasha la supachaja hutengenezwa kwa kumimina alumini katika kalibu. Kazi hiyo huacha kingo kali, matuta na ngazi ndogo mahali ambapo sehemu mbili zinakutana. Isitoshe, kiwanda huunda kasha la wastani, linalopaswa kuwa kimya na kudumu miaka mingi hata kwa mtu asiyewahi kufungua boneti. Tundu la kuingizia hewa la M90 ya zamani, kwa mfano, ni dogo na lina kona kali mara tu baada ya vali ya throto. Hewa inapolazimika kukata kona hiyo, huachana na ukuta na kujiviringisha, na bonde la rota hufungwa kabla halijajaa.

Uthibitisho kwamba mafundi wa mitaani hawakuwa wakijidanganya ulitoka kwa Eaton yenyewe. Matoleo ya baadaye ya M90, yaliyofungwa katika Grand Prix kuanzia mwaka wa modeli 2004 injini ikipanda hadi farasi 260, yalikuja na tundu la kuingizia lililopanuliwa. Baadaye kampuni hiyo ikaunda mfululizo mpya wa TVS, wenye mabawa manne yaliyopindwa digrii 160, na kuufunga katika Chevrolet Corvette ZR1 ya 2009 yenye farasi 638. Kwa maneno mengine, kiwanda kilifuata mkondo ule ule ambao tupa za mafundi zilikuwa zimeuelekea, ingawa kilikuwa na vyombo bora zaidi vya kupimia.

Mlango wa kuingizia

Kazi huanzia upande wa kuingizia, na ni haki ianzie huko, kwa kuwa ndiko kwenye faida kubwa na hatari ndogo. Katika M90 hewa huingia nyuma ya rota kupitia ukuta wa mwisho wa kasha. Ukingo wa tundu katika ukuta huo ndio unaoamua bonde la rota lifungwe lini. Likifungwa mapema, hewa haipati muda wa kutosha wa kuingia injini inapozunguka kwa kasi. Fundi huuondoa ukingo kidogo upande ule unaofunga mwisho, ili bonde libaki wazi kwa digrii chache zaidi.

Hapa ndipo penye mpaka ambao haupaswi kuvukwa. Kwa kipindi fulani cha mzunguko, bonde lazima liwe limefungwa pande zote mbili, hewa isiweze kuingia wala kutoka. Kipindi hicho ndicho kinachoifanya pampu kuwa pampu. Fundi akiuchelewesha mno mlango wa kuingizia kufungwa, au akiuwahisha mno mlango wa kutolea kufunguka, itafika mahali ambapo milango yote miwili iko wazi kwa bonde moja kwa wakati mmoja. Hewa iliyogandamizwa itapita humo na kurudi ilikotoka. Mwenye gari atakuwa amelipa fedha zake ili apate pampu inayovuja.

Kwa sababu hiyo fundi makini hachongi kwa kukisia. Huupaka ukuta wa kasha rangi ya buluu ya kuwekea alama, huzirudisha rota mahali pake, huzizungusha kwa mkono polepole na kukwaruza mstari pale ambapo kila bawa hufunga na kufungua. Kisha huhesabu ni digrii ngapi zimebaki baina ya kufunga na kufungua, na huamua ni kiasi gani anaweza kukiondoa huku akibakisha akiba. Mstari huo ukishachorwa, tupa haipaswi kuuvuka. Alumini ikiondolewa hairudi, na kujaza kwa kulehemu huyapinda makasha yaliyokatwa kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita.

Sehemu nyingine ya upande huu ni rahisi zaidi. Kona ya baada ya throto hulainishwa ili hewa iifuate badala ya kuiruka. Mahali throto inapokutana na kasha husawazishwa pasiwe na ngazi. Mbavu zinazobeba beringi za nyuma za rota huchongwa ziwe nyembamba upande unaoikabili hewa, bila kuzidhoofisha. Watu wengi hutumia saa nyingi kuung'arisha mlango huu hadi uwe kama kioo. Kazi hiyo hupendeza machoni, lakini umbo la njia lina uzito mkubwa zaidi kuliko mng'aro wake.

Mlango wa kutolea

Tundu la kutolea la pembetatu huwavutia wanaoanza kazi hii, kwa kuwa laonekana dogo na linaomba kupanuliwa. Ukweli ni kwamba ncha ya pembetatu hiyo ndiyo inayoamua hewa ya nje ianze kurudi lini, na miinuko yake miwili inafuata mpindo wa mabawa. Kuipanua ovyo huongeza kishindo na kelele, huongeza joto, na huipunguza ile akiba ya digrii iliyoelezwa hapo juu. Kinachofaa ni kuupanua upande wa msingi wa pembetatu, kulainisha kingo zake kwa upande wa nje, na kuhakikisha tundu hilo linalingana na mdomo wa manifoldi iliyoko chini. Mara nyingi kizuizi kikubwa kimo katika manifoldi yenyewe, wala si katika supachaja.

Usafi wakati wa kazi

Kasha hutenganishwa kwa uangalifu. Rota na gia zake hutoka pamoja zikiwa zimeshikwa na bamba la beringi, na zisitenganishwe. Gia hizo zimesukumwa kwa nguvu juu ya shafti kiwandani baada ya kupangwa sawasawa, na fundi asiye na kifaa maalumu hawezi kuzirejesha katika mpangilio huo. Baina ya bamba hilo na kasha, kiwanda hakikuweka gasketi bali gundi nyembamba, kwa kuwa unene wa gasketi ungebadilisha pengo la rota. Fundi anayekata gasketi ya karatasi na kuiweka hapo kwa nia njema anakuwa ameziondoa rota mahali pake.

Adui mkubwa ni chenga za alumini. Beringi ndogo za nyuma zimo ndani ya kasha lenyewe, zimejazwa grisi ya kudumu, na chenga moja ikiingia humo huanza kusaga. Afadhali kuzing'oa kabla ya kuchonga na kufunga mpya baadaye. Kasha huoshwa kwa maji moto na sabuni, hupulizwa kwa hewa, huoshwa tena, kisha hukaguliwa kwenye mwanga. Rota zenyewe zina mpako mwembamba unaosaidia kupunguza uvujaji, hivyo zisisuguliwe kwa msasa wala kuoshwa kwa dawa kali za kuyeyusha rangi.

Wakati chombo kimefunguliwa, ni busara kukagua kiungo cha plastiki kinachounganisha shafti ya puli na gia. Kikichakaa hutoa mlio wa kugongagonga injini ikiwa imetulia, na watu wengi wamewahi kuambiwa kwamba supachaja imekufa ilhali kilichokufa ni kiungo hicho. Mafuta ya gia nayo hubadilishwa. Ni mafuta maalumu, kiasi kidogo kisichofikia hata robo lita, na mafuta ya injini hayafai kuwekwa humo. Katika MINI Cooper S iliyotajwa, pampu ya maji huzungushwa na supachaja kwa upande wa nyuma. Mafuta ya gia hizo yakikauka, gia huliwa, pampu ya maji husimama, na injini huchemka na kuharibika. Mtu mwenye gari hilo afadhali akague mafuta hayo kwanza kabla ya kuwaza kuongeza nguvu.

Puli na joto

Kuchonga milango pekee hakuleti mabadiliko ya kustaajabisha. Faida yake huonekana zaidi injini inapozunguka kwa kasi, na thamani yake halisi hudhihirika mwenye gari anapobadilisha puli. Puli ndogo huizungusha pampu kwa kasi zaidi. Kwa L67, kubadilisha puli ya kiwanda ya inchi 3.8 kwa ya inchi 3.4 huongeza kasi ya rota kwa karibu asilimia 12. Ikiwa rota zilikuwa zikizunguka mara 11,000 kwa dakika, sasa zitakaribia 12,300. Kila modeli ina kikomo chake kilichowekwa na mtengenezaji, nacho lazima kilinganishwe na kasi ya juu kabisa ya injini kabla puli haijanunuliwa.

Puli ni rahisi kununua na kufunga, ndiyo maana wengi huanza nayo na kuishia nayo. Lakini joto halidanganyiki. Tuseme hewa inaingia ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi. Ikigandamizwa kwa uwiano wa 1.5 na pampu isiyopoteza chochote, ingefika nyuzi 67. Pampu ya Roots yenye ufanisi wa asilimia 55 itaifikisha karibu nyuzi 98. Ukilazimisha uwiano wa 1.8, na ufanisi ukishuka hadi asilimia 50 kwa kuwa pampu imepita kasi inayoifaa, hewa hiyo itakaribia nyuzi 140. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida imekwisha kupotea. Lililo baya zaidi ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa ya namna hiyo huanza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Mafundi husema injini inanoki. Mlio wake ni kama wa changarawe ndani ya kopo, na pistoni haziwezi kuuvumilia kwa muda mrefu.

Hapo ndipo kuchonga kunapoonyesha manufaa yake. Mlango uliopanuliwa vizuri huiwezesha pampu kupitisha kiasi kile kile cha hewa ikiwa na joto dogo zaidi, au kiasi kikubwa zaidi kwa kasi ile ile ya rota. Geji ya shinikizo inaweza isionyeshe tofauti kubwa, na mwenye gari akadhani ametapeliwa. Geji hupima jinsi hewa inavyorundikana mbele ya vali za injini. Haipimi hewa inayoingia ndani ya silinda. Hata ukiweka ekzosi iliyo wazi zaidi, geji inaweza kushuka ilhali nguvu zimepanda. Kipimo cha maana zaidi ni joto la hewa kwenye manifoldi, na kiasi ambacho kompyuta ya gari inaurudisha nyuma wakati wa cheche ili kuzuia kunoki.

L67 haikupewa kipoza hewa na kiwanda. Cobra ya 2003 ilikuwa nacho, tena cha maji, na hiyo ni sababu moja iliyoifanya istahimili puli ndogo kuliko magari mengi ya wakati wake. Anayeongeza kasi ya supachaja bila kipoza hewa ana nafasi ndogo sana ya kuchezea. Itamlazimu pia kuhakikisha kwamba nozeli na pampu ya petroli zinatosha. Injini inayosukumiwa hewa huhitaji mchanganyiko wenye petroli zaidi inapobeba mzigo, karibu sehemu 12 za hewa kwa 1 ya petroli au pungufu kidogo, badala ya 14.7 za safari ya kawaida. Plagi za kiwango cha baridi zaidi, zenye pengo dogo kuliko la kawaida, huhitajika pia.

Nairobi na Mombasa

Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani, na msomaji wa hapa anapaswa kuyasoma kwa makini kwa sababu mbili. Kwanza, nambari ya ubora wa petroli iliyobandikwa kwenye vituo vya Marekani hupimwa kwa njia tofauti. Petroli ya huko yenye nambari 91 ni sawa na ya 95 au 96 kwa kipimo cha RON kinachotumika hapa. Anayesoma kwamba gari fulani linastahimili puli fulani kwa petroli ya 91, kisha akatia petroli ya RON 91, atakuwa ametia mafuta hafifu mno.

Sababu ya pili ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la takriban pauni 12 kwa inchi ya mraba, ikilinganishwa na 14.7 mjini Mombasa. Supachaja ya Roots huhamisha ujazo ule ule popote ilipo, kwa hiyo uwiano wake haubadiliki sana, bali kinachobadilika ni uzito wa hewa yenyewe. Kwa uwiano wa 1.5, geji itasoma pauni 6 Nairobi na zaidi ya 7 Mombasa.

Sasa mchukue mwenye gari wa Nairobi asiyeridhika na pauni 6. Anabadilisha puli hadi geji isome pauni 7.3, kama vitabu vinavyosema, na gari linakwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Ili kuipata nambari hiyo katika hewa nyepesi ya Nairobi, amelazimika kuupandisha uwiano hadi karibu 1.6. Siku atakapoteremka Mombasa kwa likizo, pampu ile ile itasoma pauni 9. Hewa ya kule ni nzito zaidi na yenye joto zaidi, gari limejaa watu na mizigo, na kiyoyozi kinafanya kazi. Injini ambayo haikuwahi kunoki nyumbani inaanza kunoki baada ya Mtito Andei, na dereva, akiwa amefunga madirisha na kuwasha redio, hasikii chochote. Gari linalotarajiwa kushuka pwani lapaswa kupangwa kwa hewa ya pwani, hata kama hilo lamaanisha kukubali nguvu pungufu jijini.

Baada ya kufunga

Kabla ya kuwasha, rota huzungushwa kwa mkono kupitia puli. Zikikwama au zikitoa mkwaruzo wowote, chombo hufunguliwa tena. Vali ya kupitisha hewa kando hukaguliwa pia. Kazi yake ni kufunguka dereva anapokwenda polepole ili pampu isifanye kazi ya bure, na kufungwa anapokanyaga mafuta. Ikikwama ikiwa wazi, supachaja iliyochongwa kwa wiki nzima haitaleta shinikizo lolote, na lawama zitaelekezwa kwa milango isiyo na hatia. Ikikwama ikiwa imefungwa, gari litakunywa petroli na hewa itakuwa moto hata kwenye msongamano.

Mkanda huangaliwa kama unateleza, kwa kuwa puli ndogo ina eneo dogo la kuushika. Kisha gari huendeshwa kwa upole huku kifaa cha kusomea kompyuta kikiwa kimeunganishwa, joto la hewa na urudishaji wa cheche vikinakiliwa katika gia ya juu barabarani penye mlima. Nambari za kabla ya kazi zapaswa kuwa zimechukuliwa mahali hapo hapo, saa ile ile ya siku, na petroli ya kituo kile kile. Mwenye bima naye anafaa kuarifiwa kwamba injini imebadilishwa, kwani fomu ya bima hujazwa kwa misingi ya gari jinsi lilivyo, na dai linaweza kukataliwa jambo kama hilo likigunduliwa baada ya ajali.

Ikiwa joto la hewa limeshuka kwa puli ile ile, milango imechongwa vizuri. Likiwa limepanda na shinikizo limeshuka, mstari wa buluu ulivukwa mahali fulani, na dawa yake ni kasha jingine.